Tiki Kwenye Neno Asili

Kila kitu kiliharibika Alhamisi, tarehe tisa mwezi wa sita, saa nne kasorobo asubuhi, na aliyesoma wiki iliyopita anajua aliniacha wapi. Dereva wa Chama alikuwa ameukandamiza mkono wangu wa kushoto kwenye fremu ya mlango wa gari lao. Bonge, baunsa wao, alikuwa ameushika ule mlango kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa kwangu, masikio yalikuwa kwa Mkaguzi wao.

Mkaguzi akasema, "Funga. Tuna kazi nyingine."

Bonge akafunga.

Nilisikia vidole viwili vikivunjika kabla sijasikia maumivu. Mlio wake ni mdogo, kama mtu anavunja njiti za kuwashia jiko. Halafu maumivu yakaja, yakapanda begani, yakaingia mpaka kwenye meno.

Na ndani ya gari mke wangu alikuwa anaimba.

Usishtuke. Mke wangu alikufa mwaka jana. Iliyokuwa inaimba ni spika ya shemeji yangu, ile ya kuchaji, waliyoinyang'anya bila kuizima. Mke wangu watu walimwita Chiriku, na wimbo ni huo huo unaoujua wewe hata kama hujui ni wa nani: "Rudishia mlango, usipige komeo, aliyetoka hakuaga."

Bonge hakurudishia. Alipiga, halafu akausukuma kwa kiuno ahakikishe.

Kwa aliyeanza kusoma leo nieleze upesi, maana damu inatoka. Chama ni cha haki za wanamuziki. Kila anayepigia wateja muziki, awe na baa, basi au saluni, anakata leseni kwao kila mwaka. Redio nazo zinawapelekea orodha ya nyimbo zilizopigwa. Kinachopatikana kinaitwa mirabaha, na wanagawiwa waliotunga, waliopanga muziki na walioimba, kila mtu kwa jinsi wimbo wake ulivyopigwa. Hayo ni ya kwenye karatasi. Mke wangu alikufa kwenye benchi la hospitali akingoja dawa tuliyoambiwa tukanunue nje, na juu ya kichwa chake televisheni ya hospitali inapiga wimbo wake mwenyewe. Hospitali ilikuwa na leseni ya muziki, imetundikwa ukutani kwenye fremu nzuri. Sisi ndio hatukuwa na dawa.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ni kinyozi mwenye viti vitatu. Mkaguzi alipomtaka leseni, alimjibu kwamba hawezi kuomba kibali cha kumsikiliza dada yake. Mkaguzi akasema leseni haiangalii udugu, inahesabu viti. Wakabeba spika. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na asubuhi hiyo nilikuwa pale nachomelea kikanyagio cha kiti kimoja kilichokatika. Nikaacha kazi nikaenda kuitoa spika garini. Ndivyo mkono ulivyofika mlangoni.

Sasa twende.

Shemeji alitoka saluni ameshika kile kikanyagio kwa taulo mbili. Weldi ilikuwa haijapoa. Alikibandika kwenye shingo ya Bonge, chini ya sikio, akakishikilia pale kama mtu anayepiga pasi.

Bonge alitoa sauti nyembamba ambayo huwezi kuitegemea kwa mwili ule. Mlango ukaachia. Nikautoa mkono, vidole viwili vinaning'inia kama vya mtu mwingine, nikampiga teke la goti akaangukia mtaroni. Harufu ya ngozi iliyoungua ikachanganyika na harufu ya spiriti ya kinyozi.

Nikadhani tumeshinda. Nimewahi kudhani hivyo mara nyingi maishani.

Dereva alizunguka gari na spika mikononi. Aliinyanyua juu, akamshushia shemeji kichwani. Mara ya kwanza mke wangu aliendelea kuimba. Mara ya pili akanyamaza.

Shemeji alikaa chini taratibu, kama mtu anayechagua mahali pasafi. Damu ikaanza kutoka sikioni.

Nikamrukia Mkaguzi. Alikuwa amevaa tai, na tai ni kitu kizuri sana kwa mtu aliyebakiwa na mkono mmoja. Niliizungusha kwenye ngumi mara mbili, nikamlaza juu ya boneti, nikamgonga uso kwenye bati. Nikamgonga tena. Jino lake la mbele likabaki kwenye rangi.

"Mzee," alisema kwa mate na damu, "unaua mtu kwa wimbo usio wako. Hata mkeo haukuwa wake. Soma mwenyewe."

Alikuwa na karatasi kwapani, orodha ya nyimbo na wenye nyimbo. Nikaitandaza pale pale kwenye boneti, nimemkalia mgongo. Nikapata mstari wenyewe.

Rudishia Mlango. Mtunzi: hakuna, wimbo wa asili. Mpangaji wa muziki: na hapo likafuata jina la Mwenyekiti wa Chama, la kwake na la baba yake na la babu yake, lisije likapotea.

Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, waliandika kwamba mwenye pingamizi alilete ofisini kabla ya saa sita mchana, tarehe tisa mwezi wa sita. Baada ya hapo rekodi haiguswi tena.

Siku yenyewe hiyo.

"Nani kasema ni wa asili?" nilimuuliza.

"Wewe," alisema Mkaguzi. "Sahihi yako iko ofisini."

Nikamwachia tai.

Mshonaji wa duka la jirani alikuwa ameshamfunga shemeji kichwa kwa kitambaa cha suruali ya mteja, na watu wanatafuta gari la kumpeleka hospitali. Niliinama. Nikamwambia siendi popote nikamwacha hivyo. Alifungua jicho moja.

"Shemeji, nenda kamtoe dada kwa hao watu. Mimi nikifa, msibani msipige muziki. Watawatoza."

Akafumba jicho. Hakulifungua tena mbele yangu.

Nilichukua nyundo yangu ya kugongea weldi, nikapanda pikipiki ya kukodi. Mwenye pikipiki aliangalia mkono wangu akasema atatoza zaidi kwa ajili ya kuosha kiti. Nikamwambia aoshe hata na roho yake, lakini aondoke.

Juu ya pikipiki ndipo nililikumbuka lile swali.

Ilikuwa miezi miwili baada ya msiba. Nilikuwa nimekwenda Chama kumsajili marehemu kama mtunzi, ili mrithi wake ajulikane. Karani, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alinijazia fomu. Tulienda vizuri mpaka katikati. Hapo akaniuliza, wimbo huu ni wa asili? Na mimi nikajibu kwa kifua mbele, kama mtu aliyeulizwa kama watoto wake ni halali.

Mpaka hapo sikuwa na wasiwasi wowote. Sasa nilianza kusikia baridi kwenye jua la saa tano.

Ofisi za Chama ziko ghorofa ya tatu na lifti yao haifanyi kazi. Nilipanda ngazi nikiacha matone. Ubao wao wa matangazo umetundikwa nyuma ya mlango wa kuingilia, na mlango wenyewe unakaa wazi kutwa nzima, kwa hiyo ubao hauonekani mpaka ofisi ifungwe. Wameufunga huko mafundi wenye akili, waliotumwa na wakubwa wenye akili zaidi. Nilirudisha mlango. Tangazo la wimbo wa mke wangu lilikuwa pale limegeuka rangi. Siku tisini lilikaa gizani likinisubiri nilipinge.

Karani alinitambua. Alitaka kuita mtu aje autazame mkono, nikamwambia mkono utangoja, nimeleta pingamizi. Akafungua droo, akatoa fomu yangu. Sahihi ni yangu. Na juu ya sahihi, kwenye kisanduku cha neno asili, kuna tiki nene ya wino wa bluu.

"Nilikuuliza mara mbili, baba," alisema. "Mara ya pili ukanijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilitamani nisikumbuke.

"Wa asili kabisa. Asilimia mia."

"Nikacheka," alisema Karani. "Nikaweka tiki."

Nikamweleza nilichokusudia. Nilikusudia kwamba hakuuiba kwa mtu, kwamba umeanzia kwake, asili yake ni jikoni kwangu kati ya sufuria na ndoo. Karani alivua miwani ikaning'inia kifuani. Akanieleza polepole kwamba kwao wimbo wa asili ni ule wa mababu, usiojulikana nani kautunga. Hauna mwenyewe. Na ukishakuwa hauna mwenyewe, yeyote atakayeuwekea gitaa na kinanda anajiandikisha kuwa mpangaji, na fungu la mtunzi linamfuata yeye.

"Ungenieleza hayo ya jikoni siku ile," alisema, "tiki ningeiweka pengine."

Neno moja. Watu wazima wenye vyeti walikaa meza nzima, wamewekewa maji ya chupa, wakatafuta neno la kumuuliza mgane. Katika maneno yote ya Kiswahili wakachagua lile lenye matumbo mawili. Halafu wakamwachia fundi wa kuchomelea ajue mwenyewe ni tumbo lipi lenye sumu.

Nilimwambia alifute. Akasema halifutwi kwa mdomo, pingamizi linataka ushahidi. Nimemwona marehemu akiutunga? Nikasema nilimsikia akiuimba kila siku ya Mungu, akiosha vyombo, akifua, akinisubiri.

"Kuimba si kutunga, baba. Hata mimi nauimba."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika ishirini na mbili. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Mwenyekiti.

Zamani alikuwa mpiga gitaa, na vidole bado anavitunza kama vya mtoto. Aliniita ndugu yangu. Alinipa pole ya mkono, akanipa pole ya mke, zote kwa pumzi moja. Akasema aliukuta ule wimbo umelala kama yatima, yeye ndiye aliyeuosha, akauvisha, akaupeleka redioni. Sheria inamruhusu. Mimi mwenyewe nimesaini. Lakini yeye hana roho mbaya, nikiandika kwamba naondoa pingamizi, Chama kitampa marehemu cheti cha shukrani chenye picha, na mimi nitakaa mstari wa mbele siku ya mkutano mkuu.

"Chenye picha," nilisema.

"Ya rangi," alisema Mwenyekiti.

Nikampa kichwa.

Pua ilikubali mara moja. Alirudi nyuma akakalia meza ya Karani, shati jeupe likaanza kuwa jekundu kutoka kwenye kola kwenda chini. Nikachomoa nyundo. Sikuja nayo kwa mapambo. Nilimwambia aandike kwa mkono wake kwamba wimbo ni wa Chiriku, au navipiga vile vidole vyake kimoja kimoja, na nikifika cha kumi naanza vya miguu. Nilivitandaza mwenyewe juu ya meza kwa kiwiko. Nilikuwa nimeshanyanyua.

Nyundo haikushuka. Mtu aliidaka kwa nyuma.

Bonge alikuwa amefika, taulo mbichi imezungushwa shingoni, na dereva nyuma yake. Waliponikosa saluni walijua nilikokwenda. Alininyang'anya nyundo kama unavyomnyang'anya mtoto kijiko, akaitupa dirishani. Huko chini nilisikia kioo cha gari la mtu.

Halafu akaanza kazi. Ngumi ya kwanza ilikuwa ya figo, ya pili sikuiona ilikotoka. Nilianguka kifudifudi. Dereva alinikalia miguu, na Bonge akauvuta mkono wangu wa kushoto mpaka ukanyooka sakafuni.

"Babu," alisema, "unakijua kikanyagio? Kikanyagio ni hiki."

Akavikanyaga vile vidole viwili. Akavizungushia kisigino kama anayezima sigara.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nililia nikimwita mke wangu kwa jina lake la ndani, ambalo hapa sitaliandika, wasije wakalisajili nalo.

Hapo Karani akainuka. Alikuja akasimama katikati, mama wa watu na miwani yake ya kamba, akamwambia Bonge hii ni ofisi, si machinjio. Bonge hakumwangalia hata usoni. Alimpunga kwa nyuma ya mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Karani aliruka akagonga kabati la chuma kwa mdomo, akateleza mpaka chini.

Dereva aliinuka kwenye miguu yangu.

Mwenyekiti, kwa pua iliyoziba, alisema ile ilikuwa bahati mbaya, Chama kitagharamia. Karani alitema damu kwenye kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka mfukoni. Akajishika kwenye kabati akasimama. Akatoa ufunguo kwenye droo akaenda kufungua mlango mdogo wa stoo.

"Huko unatafuta nini?" aliuliza Mwenyekiti.

Karani alisema anatafuta mafaili ya wanachama wa zamani, yale yaliyohamishwa kwa maboksi kutoka ofisi ya kwanza na hayakuingizwa kwenye kompyuta.

"Nilisema yachomwe."

"Ulisema kwa mdomo," alisema Karani. "Hukuandika."

Mwenyekiti alimwashiria Bonge akamzuie. Bonge aliangalia damu kwenye kidevu cha yule mama, akaangalia mkono wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza siku ile hakufanya alichoambiwa. Alichoweza ni kuninyanyua mimi, akanipitishia mkono shingoni, akanibana kifuani kwake. Nilisikia moyo wake unavyokimbia.

Karani alirudi na faili jembamba lenye vumbi, la mke wangu. Nikajiuliza limetoka wapi, maana mke wangu hakuwahi kuniambia hata siku moja kwamba aliingia Chama. Lakini picha iliyobanwa pembeni ilikuwa yake. Shingo nyembamba, macho yanayobishana na mpiga picha. Alikuwa kijana kuliko nilivyowahi kumjua.

Mwenyekiti alijaribu kulidaka. Karani akalibana kifuani kwa mikono miwili, akasogea nyuma mpaka ukutani.

"Miaka kumi na mmoja niko hapa," alimwambia. "Nimegonga mihuri yako yote sikuuliza. Leo nasoma. Ukitaka uninyamazishe, mwambie tena huyo anipige, na safari hii asikosee."

Hakuna aliyesogea. Saa ilikuwa sita kasoro dakika tisa.

Akasoma. Alisema ni fomu ya kazi ya muziki, imegongwa muhuri, wimbo ni Rudishia Mlango, mwimbaji ni mwanachama mwenyewe. Akafika kwenye lile swali. Hata kwenye fomu ya kizamani lilikuwepo, maneno yale yale: wimbo huu ni wa asili? Vilikuwepo visanduku viwili, ndiyo na hapana.

"Hapana," alisoma Karani. "Tiki iko kwenye hapana."

Nilicheka na damu ikanipalia. Bonge alilazimika kulegeza mkono nisife mikononi mwake. Chiriku wangu. Alisoma swali nililoulizwa mimi, akaliona tumbo la pili, akalikwepa. Nilimwambia Mwenyekiti aisikie hiyo, ni tiki ya mwenye wimbo, iliwekwa kabla yeye hajanunua kiti cha kuzunguka.

Mwenyekiti hakusema kitu. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Mtu anayenyang'anywa kitu hupiga kelele.

"Sasa soma jina la mtunzi," nilimwambia Karani. "Lisome kwa sauti wasikie hata walioko barabarani."

Karani hakusoma. Aliangalia ile karatasi, akaniangalia mimi, akairudia karatasi. Halafu akaja akaigeuza mbele ya uso wangu.

Mwandiko ni wa mke wangu. Ile m yake ya miguu minne naijua, ndiyo iliyokuwa kwenye kila karatasi ya kunituma dukani. Kwenye mstari wa mtunzi ameandika maneno mawili. Jina hakuna.

Mume wangu.

Nilisoma mara tatu. Bonge naye alikuwa anasoma juu ya bega langu, nikasikia ameacha kuhema.

Msomaji, mimi naimba kama grenda inayokata bati. Sijatunga wimbo, sijatunga hata barua. Nilichompa mke wangu ni nyumba yenye milango isiyolegea na mapenzi ya mtu asiyejua kuongea. Kwa hiyo cha kwanza nilichofikiri ni kwamba alinipa ule wimbo kama zawadi, kwamba aliniandika kwa mapenzi. Niliishi ndani ya fikra hiyo kwa muda wa kumeza mate.

Kisha nikauona muhuri, na tarehe katikati yake.

Nilihesabu. Nikahesabu tena kwa vidole vya mkono mzima. Muhuri ulikuwa umegongwa miaka mitatu kabla sijamwona Chiriku kwa macho, siku ile aliponiletea sufuria nimzibie tundu. Siku hiyo nilimuuliza kama ana mtu. Aliniambia hajawahi kuolewa. Nikamwamini kwa miaka kumi na sita ya ndoa na mwaka mzima wa kaburi.

Wa kumuuliza ni ndugu yake. Ndugu yake alikuwa hospitali na kichwa kilichopasuka.

Nilizungusha macho chumbani. Bonge alishangaa. Dereva alishangaa mdomo wazi. Mwenyekiti peke yake hakushangaa. Alikuwa ameegemea meza, leso puani, anaangalia saa.

Karani alivaa miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka, akaniambia sheria ilivyo, maana muda ulikuwa unaisha na hakuna mwingine wa kuniambia. Kama mtunzi ni mume, na mume yuko hai, na amekuja mwenyewe kabla ya saa sita, anasaini pale chini na wimbo unatoka kwenye asili, Mwenyekiti anafutwa, basi. Kama hakuna aliyesaini, unabaki wa Mwenyekiti mpaka dunia iishe. Na anayesaini kwa uongo anakwenda jela miaka mitatu.

Mwenyekiti aliongea kwa mara ya kwanza tangu faili lifunguliwe, polepole, kama anayenihurumia. "Saini tu, Fundi. Kama ni wewe."

Bonge aliniachia. Sijui nani alimwambia aniachie. Nilisimama kwa miguu yangu katikati ya chumba, mkono mmoja unachuruzika, mwingine hauna kazi. Karani aliuwekea kalamu ule mzima.

Nikisema ndiyo, namnyang'anya Mwenyekiti wimbo, na papo hapo naufuta mkono wa Chiriku kwenye wimbo na kukaa kwenye kiti cha mwanamume nisiyemjua. Nikisema hapana, mke wangu anakufa mara ya pili, na safari hii mbele ya watu wanaonicheka.

Saa sita kasoro dakika mbili.

Karani aliweka kidole kwenye yale maneno mawili. Damu ya mdomo wake ilikuwa imeganda kidevuni, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza, ya mtu anayejaza fomu.

"Baba, nakuuliza mara moja tu, na leo unijibu nilichokuuliza. Huyu mume ni wewe?"